Ujauzito na Matatizo ya Ulaji: Maswali Tunayoulizwa Sana Malindi

Mimi ni mkunga. Nimekaa kliniki za wajawazito Malindi miaka ya kutosha kumtambua mama anayepanda mizani huku ameangalia ukutani ili asione namba. Namtambua pia yule aliyefunga kipande cha udongo kwenye pindo la leso, nikimkaribia anakificha kiganjani. Tunawapima wote wawili uzito, presha, damu na mkojo. Swali la "unakulaje, na chakula unakionaje?" mara nyingi linapitwa, na mama anarudi nyumbani na siri yake.

Maswali yaliyo hapa nimeyakusanya kwenye benchi la kliniki, kwenye ziara za mitaani Barani, Shela, Maweni na Muyeye, na kwa simu za usiku. Jambo nililolijibu mahali pengine nimekuonyesha pa kutazama. Kusoma hapa hakuchukui nafasi ya kupimwa.

## Mambo ya mwanzo

Matatizo ya ulaji ni nini hasa?

Ni maradhi ya akili yanayojitokeza kwenye chakula. Mtu anakula, au anakataa kula, kwa namna inayoumiza mwili na kumtawala mawazo, na hawezi kuacha kwa kuambiwa tu "kula" au "wacha".

Mwenye anoreksia hujinyima mpaka uzito ukashuka chini ya unaomfaa, na bado anaogopa kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa mpigo bila kuweza kujizuia, kisha hukitoa kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha au kwa kushinda na njaa. Huyu mara nyingi ana mwili wa kawaida kabisa, ndiyo maana hata mume anayelala naye hajui. Mwenye ulaji wa kupindukia hupatwa na kula huko huko kusikozuilika, ila hatapiki baadaye. Hali hiyo ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ugonjwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliuandika kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013.

Halafu kuna pika, yaani kula vitu visivyo chakula kama udongo, mkaa au chaki. Hiyo nimeipa sehemu yake hapa chini, maana huku kwetu ndiyo inayoulizwa kuliko zote.

Si maradhi ya Wazungu hayo?

Hapana. Naelewa linakotoka swali hili. Pwani yetu mwili ni sifa. Ukiambiwa "umenawiri" unashukuru, ukiambiwa "umekonda" unajua swali linalofuata: mume hakulishi? Watu hudhani penye sifa kama hiyo hakuna msichana atakayejinyima chakula.

Fiji nao walikuwa hivyo hivyo, mwili mkubwa ukipendwa. Televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker na wenzake wakawauliza wasichana wa shule maswali mwaka huo, kisha tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa 11 katika kila 100. Msichana wa Malindi anayefanya kazi hoteli za ufuoni na kushinda na simu mkononi anavutwa huku na huku: nyumbani aongeze mwili, kazini na mtandaoni aupunguze. Nimekutana na wanaokula mbele ya mavyaa ili kumridhisha, kisha wakaenda msalani.

Nitajuaje kama ni kichefuchefu cha mimba tu?

Kichefuchefu cha mimba kwa kawaida huanza karibu na wiki ya sita, hukolea karibu na wiki ya tisa, na kwa wengi huwa kimetulia ikifika wiki ya kumi na sita hadi ya ishirini. Mama anatamani kula na tumbo linakataa.

Mimi huuliza swali moja: ukishatapika unajisikiaje? Anayesumbuliwa na mimba husema amechoka, au anaona njaa. Mwenye tatizo la ulaji, akiniamini, husema anapata nafuu, kama aliyetua mzigo. Akisema hivyo naacha kalamu na kukaa naye.

Hali hizi mbili hukaa pamoja pia. Utafiti wa Sweden nitakaoueleza mbele ulikuta kutapika kupita kiasi kwa wajawazito ni kwingi zaidi kwa waliowahi kuwa na tatizo la ulaji. Ukiwa umepoteza zaidi ya sehemu 5 katika 100 za uzito wako, au hata maji hayakai tumboni, nenda hospitali leo, chanzo kiwe kipi.

Kuna njia ya kujipima mwenyewe?

Kuna maswali matano mafupi yaliyotungwa London na kuchapishwa mwaka 1999, yanaitwa SCOFF. Nayasema kwa maneno yetu: Je, hujitapisha kwa sababu umeshiba mpaka unajisikia vibaya? Una wasiwasi kwamba umeshindwa kujizuia unapokula? Umepungua zaidi ya kilo sita kwa miezi mitatu? Unajiona mnene wakati watu wanakwambia umekonda? Unaweza kusema chakula kimetawala maisha yako? Ukijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, zungumza na mhudumu wa afya.

Kwa mjamzito kipimo hiki kina kasoro, kwa kuwa mimba yenyewe hutapisha na hubadilisha uzito. Kitumie kuanzishia mazungumzo, usijihukumu nacho.

## Udongo, mawe na mchele mbichi

Kula udongo ni ugonjwa?

Kwa vitabu vya madaktari wa akili, kitu ambacho jamii nzima inakikubali hakiitwi ugonjwa. Na hapa udongo umekubaliwa hasa: mawe ya kula yanauzwa sokoni, na ukimwona mwanamke ananunua unampa hongera kabla hajakwambia kitu.

Mwaka 1998 Wenzel Geissler na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa hapa kaunti ya Kilifi kwa wajawazito 275. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakila udongo mara kwa mara, kiasi cha gramu 40 hivi kwa siku, na uliopendwa zaidi ni ule wa ukutani. Nilipousoma nilimkumbuka mama mmoja nje ya mji, nyumba yake ya fito na udongo. Karibu na kichwa cha kitanda ukuta ulikuwa umechimbika shimo la ukubwa wa kikombe cha kahawa, kingo zimelainika kwa vidole. Aliniambia mvua ikianza tu, ile harufu ya ukuta ikimpata, mate yanamjaa na hawezi kulala bila kubandua kidogo.

Kwangu jina la ugonjwa halina uzito mkubwa. Nachotaka kujua ni unakula kiasi gani, damu yako ikoje, na kama unaweza kuacha.

Je, si mwili unaotafuta madini uliyokosa?

Hivyo ndivyo wengi tunavyoamini, na udongo una chuma ndani yake kweli. Shida ni kwamba chuma hicho hakifiki chote kwenye damu, na udongo wa mfinyanzi unaweza kukishika hata kile cha chakula na cha vidonge kikapita nacho nje. Katika utafiti huo wa Kilifi, wanawake waliokula udongo walikuwa na damu pungufu na akiba ndogo ya chuma kuliko wasiokula.

Kipi kilitangulia? Kuwapima watu mara moja hakuwezi kuonyesha kama udongo ulimaliza damu au upungufu wa damu ndio ulioleta hamu. Huenda ni yote mawili, yakizunguka kama ng'ombe wa kinu. Wazee wetu waliliona duara hilo zamani, wakaliita safura: mtu kapauka, kachoka, anakula udongo, na kadiri anavyokula ndivyo anavyopauka.

Una madhara gani mengine?

Minyoo, kwa sababu mayai yake hukaa ardhini. Kufunga choo. Na madini mabaya kama risasi, ambayo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kuudhuru ubongo wake unaokua. Watu huniambia, "Mimi naukaanga kwanza." Moto unaua mayai ya minyoo. Risasi hauiondoi.

Nimejaribu kuacha nimeshindwa. Nifanyeje?

Kwanza usione haya. Sema kliniki, upimwe damu. Kiwango chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu kwa mjamzito. Vidonge tunavyotoa vina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, kimoja kila siku. Usivimeze pamoja na udongo wala na chai. Ipishe chai kwa muda wa saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, hilo ni la kawaida. Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo usijinunulie dukani mapema.

Wengi huona hamu inapungua damu ikipanda, ingawa si wote. Wakati unangoja, badilisha kinachotafunwa: karanga za kukaanga, muhogo mkavu, bisi. Mama wa ukuta niliyemtaja alimwomba mumewe apake chokaa upande ule wa kitanda. Sikumshauri mimi, alibuni mwenyewe, na mkono ukawa hauna pa kwenda gizani. Kama na wewe utafanya hivyo, hakikisha chokaa yenyewe huili.

Na mchele mbichi, au barafu?

Kisiwani Pemba, Sera Young na wenzake waliwachunguza wajawazito zaidi ya 2,300 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Wanne katika kila kumi walikula kitu kisicho cha kawaida, na kilichoongoza kwa mbali ni mchele mbichi. Wa udongo walikuwa wachache, 5 hivi katika kila 100. Huko nako hali hiyo ilifuatana na upungufu wa damu. Hamu ya kutafuna barafu siku nzima pia ni dalili inayojulikana ya kukosa chuma. Ushauri ni ule wa swali lililotangulia, na meno yako pia yaonee huruma.

## Mwenye tatizo akishika mimba

Sipati hedhi kwa sababu ya kukonda. Basi siwezi kushika mimba?

Unaweza. Yai hutoka kabla ya hedhi kuonekana, kwa hiyo mtu anaweza kushika mimba bila kuona damu hata mara moja. Norway, ambako wanasayansi walifuatilia zaidi ya mimba 100,000 tangu mwaka 1999, nusu ya wanawake wachache waliokuwa na anoreksia walisema mimba haikupangwa. Kwa wasio na tatizo ilikuwa kama mmoja katika watano. Kama hujawa tayari, zungumza nasi kuhusu uzazi wa mpango, hedhi iwepo isiwepo.

Nilishapona zamani. Kuna haja ya kumwambia mkunga?

Ipo. Watafiti wa Sweden walipitia rekodi za uzazi za mwaka 2003 hadi 2014, zaidi ya milioni 1.2, na ndani yake walikuwemo wanawake 7,542 wenye historia ya matatizo ya ulaji. Hatari ya upungufu wa damu na ya kuzaa njiti ilikuwa juu hata kwa waliougua zamani, ingawa kwa wanaougua sasa ilikuwa juu zaidi. Tukijua tunakupima mara nyingi zaidi, na mtoto tunamfuatilia ukuaji wake kwa karibu.

Sababu ya pili ni tumbo lenyewe. Mwili uliopigana nao miaka mingi sasa unakua mbele ya macho yako, na kila jirani anaushika na kuusemea.

Mtoto wangu ataumia?

Wengi wa watoto hawa huzaliwa wazima. Nalisema hilo kwanza kwa sababu hofu ndiyo inayowafungia kina mama midomo. Hatari inayoongezeka ni mtoto kuzaliwa na uzito pungufu, hasa kwa mwenye anoreksia, na kuzaliwa kabla ya siku zake. Kwa mwenye bulimia, utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Nadia Micali na kutoka mwaka 2007 ulikuta historia ya mimba kuharibika ni kubwa zaidi. Hatari hizi hupungua ukihudumiwa mapema.

Najitapisha, au natumia sanamaki. Ni hatari?

Ndiyo, na sanamaki nimeitaja makusudi kwa sababu wengi huiona ni mti tu, haina neno. Kikombe cha mara moja kwa kufunga choo, kwa ushauri wa mhudumu, ni jambo lingine. Kunywa kila siku ili upungue kunakutoa maji na potasiamu (madini yanayosaidia moyo kupiga), sawasawa na kutapika, na potasiamu ikishuka moyo hupoteza mapigo yake. Wala hupungui mafuta: chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla sanamaki haijafanya kazi yake chini. Unachokiona kimepungua kwenye mizani ni maji.

Ukiwa umetapika, sukutua kwa maji na usipige mswaki hapo hapo, kwa sababu asidi imelainisha meno na mswaki utayakwangua. Usiache sanamaki au dawa za kuharisha kwa ghafla kama umezitumia miezi mingi. Mwili hujaa maji na miguu kuvimba, na hapo wengi hutishika na kuzirudia. Njoo tuache pamoja.

Natakiwa niongezeke kilo ngapi? Na lazima nione namba?

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009, unaotumiwa na wengi, unasema aliyeanza mimba akiwa mwembamba sana aongeze kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito wa wastani 11.5 hadi 16, mnene kidogo 7 hadi 11.5, na mnene sana 5 hadi 9.

Namba si lazima uione. Sema, "Naomba nipime nikigeuka, usinitajie." Mkunga ataandika kimya kimya. Ni haki yako na hakuna anayepaswa kukuuliza sababu mbele ya foleni.

## Ramadhani

Ni mjamzito na nina tatizo la ulaji. Nifunge?

Dini imetoa ruhusa: mjamzito na anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto anakula, na namna ya kulipa atamuuliza shekhe wake, kwa kuwa madhehebu yanatofautiana kati ya kadha (kufunga siku nyingine) na fidia (kulisha maskini). Upande wangu ni wa afya. Ikiwa uzito wako ni mdogo, damu ni pungufu au unatapika, nakusihi usifunge.

Jambo linalonikosesha usingizi Ramadhani ni jingine. Mwezi huu mtu anayejinyima chakula anapata pa kujificha, na hakuna wa kumshuku. Baada ya magharibi, sinia imejaa viazi vya karai, sambusa na mkate wa sinia, anayekula kwa kupindukia anapata kisingizio chake. Jiulize kwa ukweli, wewe na Mola wako: ningeambiwa na daktari nisifunge, ningehuzunika kwa kukosa ibada, au ningeogopa kwa sababu itanibidi kula mchana? Jibu likiwa la pili, mtafute mkunga kabla mwezi haujaandama. Baadhi ya mashekhe wetu ni wasikivu sana kwa jambo hili ukilieleza kama maradhi, kwa sababu ndivyo lilivyo.

## Baada ya kujifungua

Wakati wa mimba nilikuwa nafuu. Mbona sasa limerudi?

Ndiyo njia yake. Wengi hujizuia kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, na akishatoka kizuizi kinaondoka. Usingizi hakuna, mwili umebadilika, tumbo limefungwa leso na kila anayekuja kumwona mtoto anakutazama kiuno. Arobaini nayo ina neema na ugumu wake. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, kukandwa kwa maji moto, yote ni mapenzi. Kwa anayepigana na chakula, bakuli la tatu analosimamiwa mpaka alimalize linaweza kuwa ndilo linalompeleka msalani. Mweleze mtu mmoja, somo wako au dada yako, awe ngao yako kwa siku hizo. Kama pia unalia ovyo au huoni raha ya mtoto, sema, maana huzuni ya baada ya uzazi huandamana sana na maradhi haya.

Nitaweza kunyonyesha?

Utaweza. Hata mama aliyekonda hutoa maziwa mazuri. Gharama inalipwa na mwili wake, kwa hiyo unahitaji kula zaidi, kiasi cha mlo mmoja wa ziada kwa siku. Norway waliona kina mama wenye matatizo ya ulaji huacha kunyonyesha mapema kuliko wengine, basi usingoje mpaka uchoke ndipo uombe msaada.

## Kwa mavyaa, mume na wifi

Mke wa mwanangu hali. Nimsimamie ale?

Mama, najua unampenda. Usimsimamie. Usimtajie mwili wake kwa uzuri wala kwa ubaya, hata "sasa umenona, mashallah" achana nayo. Kaa naye mle sahani moja, uzungumze mambo ya watu na ya mvua. Mkiwa peke yenu mwambie ulichokiona: "Mwanangu, nimekuona ukitoka kila baada ya kula, na ninakuhofia." Kisha nyamaza umsikilize. Akikasirika leo, kesho anaweza kuja mwenyewe.

Kama amekaa na njaa wiki nyingi, usimshindilie chakula kwa siku moja. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla, fosfati na potasiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Huyo aanze kulishwa hospitali, kidogo kidogo, akipimwa.

Mimi ni mume. Nimegundua siri yake. Nimwambie mama yangu?

Usimwambie. Nenda naye kliniki, keti naye kwenye benchi.

## Kuhusu tafiti na kuhusu sisi wakunga

Kwa nini hakuna mkunga aliyewahi kuniuliza?

Swali hili linaniuma, na nalijibu nikiwa mmoja wa hao wakunga. Watafiti wa King's College London walichapisha mwaka 2018 kazi iliyowauliza wanawake waliopitia maradhi haya na wahudumu wa uzazi kwa nini hayagunduliwi. Wanawake walitaja aibu na kukosa nafasi ya kusema. Wahudumu walitaja muda mfupi, kutojua dalili, na ugumu wa kulianzisha jambo hilo. Nilipoisoma nikaona benchi letu. Foleni ikifika mlangoni, unapima, unaandika, unaita "mwingine".

Watafiti hao na wenzao walikuta pia, kusini-mashariki mwa London, kwamba wajawazito 15 hivi katika kila 100 waliwahi kuwa na tatizo la ulaji maishani, na kama 1 au 2 katika 100 walikuwa nalo wakati huo huo wa mimba. Siwezi kuzibandika namba hizo Malindi. Zimenifundisha kuuliza, basi.

Tafiti za Norway na Sweden zinatuhusu nini?

Zinatuhusu kwa upande wa mwili: potasiamu ikishuka Oslo au Muyeye, moyo ni ule ule. Zina nguvu ya wingi wa watu, kwa sababu nchi hizo huweka rekodi za kila uzazi. Pungufu lake ni kwamba anayehesabiwa Sweden ni yule aliyekwisha kuandikwa hospitali kuwa mgonjwa, na wa siri wanabaki nje ya hesabu. Tena hazijui leso yenye udongo pindoni, wala futari, wala mavyaa na bakuli lake. Kwa hayo tunazo tafiti za Kilifi na Pemba, nazo kwa upande wao zimeuliza udongo na damu, zikawaacha wanaojitapisha. Natamani kuona kazi moja inayowauliza wanawake wa pwani hii yote mawili, kwa lugha yao.

## Mambo ya nadra

Nimeambiwa nina sukari ya mimba nipunguze wanga. Nilikuwa na anoreksia.

Sema historia yako kabla hujapewa orodha ya vyakula. Orodha ya makatazo mikononi mwako inaweza kuamsha ugonjwa. Omba upangiwe unachokula badala ya usichokula.

Natafuna muguka, sioni njaa kabisa.

Muguka na miraa huziba njaa, hivyo mama huweza kukaa siku nzima bila chakula wala kujua. Mjamzito asitafune. Kama ulianza ili upungue, rudi kwenye maswali ya kujipima hapo juu.

Binti yangu ana miaka kumi na sita, ni mjamzito, na amekataa kula.

Inawezekana anataka kulificha tumbo, inawezekana amevunjika moyo, inawezekana ni ugonjwa. Yeye mwenyewe bado anakua na anagombea chakula na mtoto wake. Mlete mapema, uniachie nizungumze naye peke yake kwa nusu saa. Ukimfokea njiani, hatanijibu.

Ni lini nisingoje kliniki?

Ukizimia, moyo ukienda mbio au kurukaruka, misuli ikikaza au kukosa nguvu, ukitapika damu, ukishindwa hata maji kwa siku nzima, mtoto akipunguza kucheza, au ukiwaza kujidhuru. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Nikifika kliniki nianzeje? Maneno hayatoki.

Usisubiri chumba kiwe kimya, huenda kisiwe. Andika kwenye karatasi, uikunje ndani ya kijitabu chako cha kliniki, mkunga akifungua aikute. Kina mama wameniandikia hivi: "Naogopa kunenepa." "Nakula udongo kila siku." "Natapika makusudi." Mmoja aliandika neno moja tu, "Chakula", nikajua pa kuanzia.